Kona ya Mkaratusi

Tairi lile nililinunua Mwanjelwa, mwezi wa kuvuna viazi,
likiwa bado na vinyweleo vyake vya mpira
vinavyochoma kiganja kama ndevu za siku mbili.
Muuzaji akalidundisha sakafuni mara moja,
akasema: sikia.
Nikasikia.
Mpaka leo sijui nilisikia nini.

Kijiweni Isyonje wakalizunguka kama ng'ombe wa mahari.
Ambakisye akalichimba kwa ukucha: gumu hili.
Gwamaka, mwenye mwili wake, akaketi akanesanesa:
laini mno, kaka, litakulaza njiani.
Mwashitete, ambaye hana pikipiki tangu masika ya juzi,
akainama, akalinusa,
akasema litapenda vumbi, lami litaionea aibu.

Mimi sina maneno yao.
Barabara naisoma kwa makalio,
kwa magoti yaliyobana tenki,
kwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto
ambacho hutangulia kujua.
Tairi la nyuma likitaka kuondoka haliagi,
ila huvuta pumzi kwanza;
na hapo, kati ya pumzi na kuondoka,
ndipo dereva anapokula mshahara wake.

Siku tatu nikaliendesha taratibu
litoke mafuta ya kiwandani.
Nikalilaza leo upana wa kidole, kesho viwili,
kama unavyomzoesha ndama kamba.
Na lilikuwa zuri. Niseme kweli.
Njia ya Igoma lilitema tope lenyewe,
kwenye changarawe likanong'ona tu.

Siku ya nne ukungu ukashuka kutoka Kitulo,
mzito, hata taa yangu ikanirudia usoni.
Magunia mawili nyuma.
Kona ile yenye mkaratusi uliochunwa gome na malori.
Nikalaza.
Pumzi sikuisikia.
Nilisikia viazi vikibingirika lami nzima,
vikishuka kwenda Uyole bila nauli,
na goti langu likiuliza swali.

Usukani fundi aliunyoosha kwa elfu kumi.
Mimi sikunyooshwa.
Kila kona nikawa nasikia linaondoka,
hata pakavu,
hata limeegeshwa.
Nikatangaza kijiweni: tairi hili ni msaliti.
Wote wakakubali upesi.
Si nilisema gumu, akasema Ambakisye.
Si nilisema laini, akasema Gwamaka.
Kuhusu dizeli iliyomwagika pale konani
hakuna aliyesema, na mimi sikuwakumbusha.

Nikamuuzia Lusajo kwa nusu bei.
Kijana wa juzi, uzito wa mfuko wa saruji na nusu.
Hakulichimba, hakulinusa.
Alilibonyeza kwa gumba, akaachia upepo, sss,
akabonyeza tena, akaachia kidogo tena,
akatikisa kichwa kama mtu anayeonja chumvi ya mboga.
Kisha akawasha.

Sasa kila asubuhi anapita na madumu ya maziwa ya mama Atupakisye,
anailaza konani mpaka kikanyagio kinakwaruza lami,
na maziwa hayamwagiki.
Mimi nimelifunga tairi la mtumba, gumu kama mwiko,
kona naizunguka nikiwa wima
kama mtu aliyebeba jeneza.

Jana nikamwomba nijaribu.
Akanipa ufunguo bila kuuliza.
Nikaenda mpaka kwenye mkaratusi, nikasimama, nikashuka,
nikachuchumaa nyuma ya pikipiki ya mtu
nikaliwekea kiganja tairi langu.
Lilikuwa na joto.
Na pembeni kabisa, ukingoni,
pale nilipoviacha vinyweleo vikiwa vyote, vimesimama wima,
palikuwa laini kama shavu.