Ziara ya Mji, Bei ya Wenyeji

Leo mlima umejifunika.
Umevuta blanketi hadi kidevuni, kama mgonjwa asiyetaka salamu,
na mimi nina wageni wanne.
Basi nasema nisemalo kila masika:
mlima haukimbii, njooni kwanza niwaonyeshe Moshi.

Naanzia mnara wa saa.
Nataja umri wake, naupunguza, nauongeza,
kutegemea uso wa anayesikiliza.
Kisha jengo la chama cha ushirika,
wanuse kahawa ikipanda ngazi pamoja nao.
"Babu zetu walilijenga hili debe kwa debe," nasema.
Wanapiga picha ngazi.
Hakuna anayeuliza debe moja lilikuwa shilingi ngapi.
Halafu msikiti, halafu hekalu, halafu maduka ya kale
yenye mwaka uliochongwa juu ya mlango
na jina la mtu ambaye wajukuu zake
hawajui hata Moshi iko upande gani wa ramani.

Mwisho stesheni.
Naipenda stesheni: haina kiingilio
wala wa kunisahihisha.
Pale ukutani ilikuwapo saa, limebaki duara jeupe,
na mimi ninayo hadithi yake:
bwana stesheni alingoja barua ya mchumba,
treni ikaja mikono mitupu,
akaisimamisha saa kwa kidole chake, isitembee tena.
Wanawake hushika kifua. Wanaume hutoa pochi.
Nimeitunga mwenyewe, Njoro, kwenye foleni ya maji.

Leo, nyuma ya Waswidi watatu,
yupo mama mmoja wa Korogwe.
Kalipa bei ya wenyeji, noti zikitoka pembe ya kanga
zikiwa na mikunjo ya safari.
Kitabuni kaandika kwa herufi kubwa: MWANAIDI SHEMWETA.
Hana kamera.
Nilipofika kwenye mchumba, akakohoa.

"Saa ile," alisema, bila ugomvi,
"iliingiwa na nyuki.
Baba ndiye aliyepanda ngazi kuwatoa.
Wakamla jicho la kushoto.
Alikuwa anajifunza udereva wa treni.
Wakampa ufagio.
Alifagia hapo, hapo uliposimama."

Nikasogeza mguu.
Waswidi wakanitazama: mama anasema nini?
Nikafungua kinywa nitafsiri,
ulimi ukawa tiketi iliyokwisha tobolewa.

Tukaenda kota za reli. Hazimo kwenye ratiba.
Ya nne kutoka tangi la maji,
mlango wa bati, zamani ulikuwa kijani ya reli, alisema,
mbao nzito, ukigonga unaumia wewe.
Kijana alikuwa anafua sare za shule kizingitini,
akatupisha bila kuuliza, povu hadi kwenye viwiko.
Mama akapima ukuta kwa viganja,
kimoja, viwili, vitano na nusu,
akapata tundu la msumari.
"Kioo cha mama," akasema.
Akaingiza kidole humo, akatulia.
Mswidi mmoja akainua kamera.
Mkewe akamshusha mkono.

Saa nane mawingu yakaachia,
Kibo ikatokea juu ya mabati, nyeupe, kubwa kuliko ahadi.
Wageni wakapiga kelele, wakakimbilia barabarani.
Mama Mwanaidi hakugeuka.
"Nimeuona sana huo," alisema.
"Tulikuwa tunauona kwenye kioo
tukisukwa nywele."

Jioni akaniaga. Hakuniachia bahashishi.
Aliniachia chungwa la Korogwe, limeminywa kidogo upande mmoja.

Kesho nina wageni sita.
Usiku huu nimeifanyia mazoezi hadithi ya nyuki.
Ni fupi. Haina mchumba.
Najua mfuko utarudi mwepesi.
Na kila nikifika kwenye jicho la kushoto
nasimama katikati ya chumba,
sijui miguu yangu niiweke wapi.