Zamu ya Povu

Nilikinunua Majengo kwa elfu kumi na nane.
Muuzaji alianzia ishirini na tano,
nikamwacha, akaniita nikiwa nimeshafika kwenye nyanya.
Kijiti cha umeme, betri mbili ndogo tumboni,
kichwani pete ya waya iliyojiviringa kama springi.
Nehemia alikigeuza, akakinusa:
"Huu ni mswaki wa ng'ombe?"

Nikamwambia subiri.

Saa kumi na mbili asubuhi, Ilazo, mwezi wa saba.
Upepo unasukuma geti kama mdai,
baridi ya sakafu inapenya kandambili.
Kahawa ya Mbinga imeiva, inanifokea kwa harufu.
Maziwa ya Chidawali yamepata moto, hayajachemka;
ndiyo siri, yakichemka hayashiki.
Nabonyeza.
Zzzzz, nyigu ndani ya chupa.
Maziwa yanazunguka, yanajishangaa,
yananenepa, yanapanda
hadi ukingoni, povu jeupe kama fulana ya Jumapili.
Nehemia akanywa, sharubu zikaota mvi,
hakuuliza tena habari ya mswaki.

Wiki tatu tuliishi hivyo,
watu wa mawinguni wenye mshahara wa masjala.

Halafu povu likaanza kunikataa.
Nabonyeza, nyigu analia, maziwa yanazunguka bure
kama mtu aliyepoteza ufunguo ndani ya nyumba yake.
Viputo vikubwa vya sabuni, pwa, pwa,
kisha kimya.
Nilibadili betri. Nilisugua waya kwa ndimu.
Nililaumu baridi, nikalaumu maji yetu ya chumvi
yanayoacha ukoko kwenye birika.
Mwishowe nikachovya kidole, nikakiinua dirishani:
tone likateleza, likaenda zake, halikuaga.
Maji hufuata mkondo;
haya yalikuwa yamefuata dumu.

Kesho yake nilimngoja getini, kikombe mkononi.
Chidawali akashuka kwenye baiskeli,
madumu mawili ya njano, shuka shingoni,
vumbi la Ihumwa hadi kwenye kope.
Usiku kucha nilikuwa nimepanga maneno yenye meno.
Sikuyatoa. Nilibonyeza tu, mbele yake,
tukasimama wawili tukitazama kikombe
kama watu wanaosubiri majibu ya hospitali.
Pwa. Pwa.

"Mama Lewi," akasema, "hicho kidude ni polisi?"
Nilishindwa kununa, nikacheka.
Yeye hakucheka.
Akahesabu kwa vidole, Kigogo kikichungulia ndani ya Kiswahili chake:
ng'ombe tisa, wanaokamuliwa wanne,
mvua iliondoka mwezi wa tatu bila kumaliza kazi,
mabua yamekwisha,
wateja ishirini, maziwa ya watu kumi.
"Nimkate nani? Yule mwenye pacha?
Yule bibi Perisi anayemezea vidonge?
Au wewe, uliyenikopesha hela ya tairi?"

Kijiti kilikuwa bado kinalia mkononi mwangu.
Nikakizima.

Sasa tuna zamu.
Jumanne, Alhamisi, Jumamosi, baiskeli inasimama kwangu,
maziwa matupu, mazito,
yanayoacha njia kwenye ukuta wa kikombe.
Siku nyingine anapita, ananigongea kengele tu,
anakwenda kwa mwenye pacha,
nami nanywa kahawa nyeusi ti,
kijiti kimelala kwenye droo pamoja na vijiko.

Nehemia bado hajazoea.
Jumatano iliyopita nilimfuma jikoni, mgongo kanipa,
amekitumbukiza kijiti kwenye kahawa kavu,
anabonyeza, anatafuta.
Alipata utando mwembamba wa kahawia,
wa sekunde tatu, labda nne,
akaunywa harakaharaka kabla haujamkimbia.