Mizani ya Mama Esita

Alishuka garimoshi la kusini mwezi wa sita,
baridi imekakamaza hata vumbi,
sanduku moja la nguo, moja la karatasi,
na mizani ya kupimia watoto
imeviringishwa blanketi kama mtoto.
Hester Terblanche. Kambini wakamwita Mama Esita,
maana ulimi wa Lubumbashi haupotezi wakati.

Nyuma yake palikuwa na shamba la kondoo, nchi kavu,
kisha vita, kisha mahema meupe yaliyopangwa safu,
askari Mwingereza akihesabu wanawake alfajiri,
na mama aliyezikwa humo kwa homa ya matumbo
yeye akiwa na miaka tisa.
Kwa hiyo alipoona nyumba zetu za matofali,
namba mlangoni, posho ya unga, king'ora,
hakuuliza hapa ni wapi.
Alikunja mikono ya blauzi, akauliza kisima kiko wapi.

Alipima watoto. Kila Jumatano, foleni hadi kwenye reli.
Alimfokea mhandisi wa kampuni kwa sababu ya vyoo,
akashinda vyoo vinne,
akashindwa mambo mengine yote.

Usiku aliandika.
Kambo Numbi, mama wa mama yangu, miaka kumi na minne,
alimshikia taa ya mafuta mpaka bega likafa ganzi.
Aliandika kwa lugha ambayo mabwana wa kwao
waliiita lugha ya jikoni.
Na padri alikuwa amesema Kiswahili chetu nacho
ni cha jikoni, hakifai sala.
Basi lugha mbili zilikaa jikoni, zikimenya viazi,
zikichekana makosa.

Kitabu kilikuja kwa posta baada ya yeye kuondoka.
Jalada la kijani. Numbi hakuweza kukisoma,
hakuna aliyeweza, mtaa mzima.
Miaka sitini kilikaa chini ya godoro,
kikinyoosha noti za faranga, kisha za zaire.

Mwaka jana nilimpata dereva wa lori
anayepita Kasumbalesa na mahindi.
Alinisomea kantini, kidole kikifuata mstari,
bukari inapoa.
Kulikuwa na mama yake, na mahema, na theluji ya majira ya kwao.
Nililia, sikatai.
Kisha ikafika kambi yetu: bomba la moshi,
mlima mweusi wa takataka za shaba,
na mtu aliyeshika taa.
Dereva alinyamaza kwenye neno moja.
Alikohoa. Akasema, "Msaidizi."
Kwa kukohoa kule nikajua silo.

Jina hakuna. Kurasa mia mbili na kumi na mbili,
punda ana jina, mbwa ana jina.

Kambo aliwahi kuniambia, bila kuulizwa,
akichambua matembele:
"Ule mama alinipendaka.
Lakini mapendo nayo iko na macho yake,
kuko fasi haionake."
Hapo nilidhani anazungumzia babu.

Kitabu nimekirudisha chini ya godoro.
Sijaandika kitu pembeni, ingawa penseli niliichonga.
Mizani ndiyo ninayoitumia, soko la Katuba,
kwa maharage na dagaa.
Inalemea kidogo upande wa kushoto.
Wateja wangu wanajua,
huongeza konzi moja wenyewe,
na mimi sisemi kitu.