Chumba cha Msumeno

Mimi kazi yangu ni kukata mawe.
Miaka ishirini na miwili chini ya jengo la jiolojia,
Arizona kaskazini, chumba kisicho na dirisha,
msumeno wa almasi ukinirushia tope jeupe kifuani
hadi mke wangu Ofelia huniita mwoka mikate.
Wenye shahada hupita juu. Nawajua kwa viatu.

Verlinda Etcitty nilimjua kwa buti la kushoto:
soli imeachia, inapiga makofi ngazini.
Alileta jiwe la mchanga, kalifunga kwa fulana.
"Limetoka nyuma ya kwa shangazi," akasema.
"Nataka kuona maji yanapitaje humo ndani."

Kwa shangazi maji hayatoki bombani.
Huja kwa pikapu, mapipa mawili, maili thelathini,
na kisima kilicho jirani kimepigiliwa kibao: Msinywe.
Babu yake alichimba urani,
akirudi na vumbi lake kwenye kola,
na bibi akilifua kwa mkono.

Nikalikata. Nikalisugua likawa jembamba kuliko unywele,
likapitisha mwanga kama ganda la kitunguu.
Akainamia hadubini. Saa nzima, kimya.
Supu yangu ikapoa; sikuthubutu kuwasha msumeno.

Desemba nikamuuliza: unaomba wapi?
Akacheka kidogo, kicheko cha kurudishia mlango.
"Uzamili ni wa watu wenye pesa, Delfino.
Hata hii ya kwanza bado nadaiwa."

Nikazima mashine.

Miaka minne! Miaka minne mbele ya watu wanaojua,
na hakuna aliyefungua mdomo.
Asiyejua maana haambiwi maana, walisema wahenga;
basi ndivyo mlango unavyofungwa bila kufuli.
"Sikiliza," nikamwambia. "Katika sayansi hii hulipi. Unalipwa.
Si nyingi. Ya kodi, ya maharage, ya soli.
Unamwandikia profesa kwanza, kabla ya fomu,
unampa habari za jiwe lako.
Na ada ya maombi husamehewa ukiomba,
ila kitufe wamekificha chini kabisa ya ukurasa."

"Umejuaje?"

Nimejua kwa kusikiliza ngazi.
Wapo ambao baba zao waliwaambia haya mezani,
wakipokezana chumvi.
Wangu aliniambia: angalia vidole vyako.

Akaandika pale pale, kwenye benchi langu, usiku tatu.
Barua yake ilianza na samahani:
samahani kwa alama za fizikia,
samahani kwa muhula niliorudi nyumbani kumuuguza mama.
Nikamwambia, mimi ni fundi wa kukata; kata hapa.
Anza na kisima.
Akakata. Kalamu ilitetemeka, lakini akakata.

Siku ya mwisho, barua ya Profesa Lindqvist haijaenda.
Nikapanda juu na aproni yangu,
nikaacha nyayo nyeupe kwenye zulia la idara,
nikasimama mlangoni kwake. Sikusema mengi.
Alitazama nyayo, akatazama saa, akaketi kuandika.

Vyuo viwili vilikataa. Cha tatu kilichelewa kujibu
hadi nikaanza kuchukia posta ambayo haitumiki tena.
Kikakubali: maji ya chini ya ardhi, miaka miwili,
pamoja na posho.

Nimelifikiria hilo neno, uzamili.
Limebeba kuzama tumboni mwake.
Naye katoka mahali ambapo maji ya mtu kuzama
hayajaonekana, isipokuwa yale yasiyonywewa,
na huko huko ndiko anakotaka kushuka,
akiwa na kamba, na kipimo, na jina lake kwenye ripoti.

Agosti alikuja kuniaga. Nilishtuka,
nikageuka na jiwe mkononi, yupo nyuma yangu.
Sikumsikia akiteremka.
Alikuwa ametia soli mpya.