Hatua ya Tatu

Filimbi niliinunua sokoni Arua,
shilingi elfu sita, kamba nyekundu,
nikaijaribu chumbani usiku
hadi jirani akagonga ukuta.
Kanuni nilizimeza mwezi mzima.
Kibandani kwangu, kati ya anayetoa pesa kwa simu
na anayeweka,
niliwahukumu waendesha bodaboda:
huyu kasukuma, yule kazuia njia,
wewe mwenye kofia, umetembea na mpira.
Barabara nzima ilikuwa na faulo
na sikukosea hata moja.

Halafu ikaja Jumamosi, Barifa na Enyau,
wasichana, uwanja wa saruji wenye ufa katikati,
ufa waliokuwa wakiujua wote
isipokuwa mimi.
Zimebaki sekunde ishirini. Enyau mbele kwa pointi moja.
Driciru wa Barifa, jezi kumi na moja, viatu vya kuazima,
akapenya kushoto, akavuka ule ufa kwa kijihatua kifupi,
akaruka,
nami nikaona mguu,
au kivuli cha mguu,
au nilitaka tu kuona kitu
kwa kuwa nilikuwa kimya muda mrefu.
Nikapuliza.

Mpira ukaingia.
Ukaingia taratibu, bila kugusa chuma,
kikapu kizuri kuliko vyote vya siku ile,
na mikono yangu tayari inazunguka kifuani:
ametembea, hakihesabiwi.

Maji yakimwagika hayazoleki.
Pumzi je?

Uwanja ulinizomea kwa Kilugbara na kwa Kiswahili,
na mama mmoja kwa lugha nisiyoijua
ila niliielewa.
Basi nikafanya la pili, ambalo silisemi mara nyingi.
Enyau walipoanzisha mpira
nikamtafutia mtoto wa watu kosa:
Ayikoru, mwembamba, amesimama tu, mikono kifuani.
Nikasema amezuia kwa mwili.
Ilikuwa faulo yake ya tano.
Akaenda kwenye benchi akilia, timu yake ikashinda, akaendelea kulia.
Barifa walipewa mpira, wakakosa.
Kwa hiyo niliwaibia wote wawili
na hakuna aliyenufaika.

Anguyo, mwamuzi mwenzangu,
siku za kazi ni mkaguzi wa nyama machinjioni.
Alikuwa anafungua kamba za viatu, hakunitazama.
"Nikikataa nyama nzuri asubuhi," akasema,
"sipitishi mbovu mchana ili nisawazishe."
Kisha akaniomba maji ya kunywa.

Wanasema kufanya kosa si kosa.
Kamwambieni Ayikoru.

Jumapili nilirudi na ufagio, peke yangu.
Nikafagia ule ufa, nikautembea kwa miguu yangu,
kushoto, kulia, kijihatua kifupi,
mara kumi, mara thelathini:
hatua mbili. Kila mara mbili.
Tangu hapo filimbi naiweka mdomoni
kama mfupa wa samaki,
ulimi ukijua upo.
Macho yamalize kwanza. Kifua kisubiri zamu yake.

Sijapona. Mechi iliyofuata niliwapa mpira wasiostahili,
nikainua mkono, nikaiambia meza:
nimekosea, ni wa wale.
Sauti ilitoka nyembamba kama uzi
lakini ilitoka,
na kocha aliyekuwa ameshajaza mapafu
akayatoa taratibu, akaketi.

Alhamisi Driciru alikuja kibandani
kutoa elfu kumi alizotumiwa na kaka yake.
Tulijuana. Hakusema.
Nikahesabu noti mbele yake, nikampa.
Akazihesabu tena, palepale, moja moja,
akizikunjua pembe.
Kisha akarudia mwanzo.
Nyuma yake foleni ikaguna,
mtu akasema, mwamini basi, dada.
Mdomo wangu ulikuwa na la kusema.
Nikanyamaza
hadi alipomaliza.