Mzinga wa Nani

Kashindye, msimbo wako umefika saa tano usiku,
umeme wa Cheyo umerudi dakika kumi tu zilizopita,
nami nimeusoma nimesimama, chai mkononi,
jinsi mtu anavyosoma barua iliyotoka jela.
Mistari mia mbili na kumi na nne.
Mizani yetu ya asali, iliyokuwa ikijikwaa
kila ndoo inapozidi kilo ishirini,
sasa inatembea kama mtu aliyetolewa mwiba.

Ni mzuri. Nakwambia hilo kwanza,
usije ukadhani nitakachouliza kinatoka kwenye kijicho.

Ni wa nani?

Usicheke. Shangazi Nyamizi alipokea asali Sikonge
miaka kumi na tisa, na hakuionja ya mtu
kabla ya kumuuliza: umetundika wapi, alama yako ipi?
Kucha tatu za kuku. Msalaba uliolala.
Jicho lisilo na kope, limechongwa ubavuni mwa gogo.
Siku moja akaja kijana na debe jipya,
asali nyeupe, safi, na alama hakuweza kuitaja.
Debe likakaa benchini. Siku ya tatu sisimizi wakalimaliza.
Shangazi akafagia, akasema:
wamekula wao, sikula mimi.

Programu yetu haina kufuli.
Wa Urambo aichukue, wa Mpanda aifungue,
asiyetujua airekebishe apendavyo.
Ndiyo maana nauliza.
Asali ya ndoo moja ikishamiminwa pipani
nani ataitenga? Ikiwa ya wizi,
kila aliyelamba kidole amelamba wizi,
na hana habari.

Mchana una kazi, Kashindye. Naijua ile kampuni,
vioo vyeusi, njia ya stesheni.
Mkataba wao niliwahi kuusoma, ukurasa wa saba:
atakachobuni mwajiriwa ni mali ya mwajiri.
Utaniambia uliandika usiku,
kwenye meza ya mama yako, kwa bando lako.
Nakuamini.
Lakini mkataba ule hauna usiku.

Halafu mstari wa tisini hadi wa mia na tatu.
Pale panapokadiria gramu
maelezo yameandikwa Kireno.
Kireno umekijulia wapi, mtoto wa Kaliua?
Nimetafuta, nimempata mwenyewe.
Alikitoa bure, kwa leseni ya maneno machache:
chukua, tumia, hata uza,
ila jina langu libaki mlangoni.
Wewe umechukua nyumba, ukang'oa mlango.

Nilikuwa nimeshaanza kukuandikia kwa ukali.
Kisha nikajiuliza juu yangu,
nikafungua faili za mwanzo kabisa, za mwaka ule
nilipokuwa najifunza kwenye kompyuta ya parokia.
Kile kipande kinachosoma tarehe:
nilikinakili kutoka diski aliyonipa mtu,
naye alipewa na mtu.
Leseni hakuna. Jina hakuna.
Miaka sita kimekaa chini ya jina langu
na watu wananipongeza.

Nimekifuta usiku huu.
Sasa mavuno yote ya Sikonge
yanaonekana yamevunwa mwaka sabini,
kabla hata sijazaliwa.
Nitakiandika upya, pole pole, kwa akili yangu,
na kitakuwa kibaya kuliko kile.

Basi, niletee barua ya bosi wako,
na saini yake, si ya katibu.
Mrudishe Mreno mlangoni pake.
Na chini, kwa mkono wako, andika:
hiki ni changu, au nina haki ya kukitoa.
Ukishindwa hilo la barua, niambie mapema,
sitakudharau. Tutatafuta njia nyingine,
ndefu.

Chai imepoa. Mchango wako uko benchini,
sijaugusa.
Saa mbili asubuhi ndoo zitaanza kupangwa,
mizani itajikwaa penye ishirini,
nami nitapima kwa mkono,
kalamu sikioni, nikijumlisha kwa sauti.