Mkate Uliosimama

Baba alitufundisha mgodi kwa mkate.
Si mkate uliolala kama watu wanavyoulaza mezani:
aliusimamisha kwa ubavu, akaushika kichwa,
akasema, hivi ndivyo makaa yanavyokaa chini ya nyumba hii,
wima, kama vitabu rafuni,
mwamba, makaa, mwamba tena,
maana milima ya Asturia ilifinywa ingali mbichi
na hakuna aliyejisumbua kuinyoosha.

Kisha kisu.
Kwanza shimo la kizimba, linaloshusha watu kwa kengele.
Halafu njia mbili za kulala, ya juu na ya chini,
na kati yake ukuta wa makaa, unene wa mapana ya mabega;
humo ndimo Etelvino, baba yangu, alimotambaa.
Vipandio kama vya ngazi, mchimbaji juu ya kichwa cha mchimbaji,
kila mmoja na nyundo yake ya upepo,
kila mmoja akila vumbi la aliye juu yake.
Makaa hayabebwi, alisema. Makaa huporomoka yenyewe hadi kwenye matoroli;
kazi yako ni kuyakumbusha njia.
Chembe za mkate zikamiminika kitambaani.
Mama akazikusanya kwa kiganja, bila neno,
akazitia kwenye supu.

“Na dari linashikwa na nini?” Laureano aliuliza.
Baba akachomeka njiti za kiberiti kwenye jeraha la mkate.
Mkaratusi ni mgumu, akasema, lakini ni bubu,
huondoka bila kuaga.
Msonobari hulia kwanza.
Na chuma?
Chuma, akacheka, ni mtu wa ofisini.

Laureano alishuka akiwa na miaka kumi na saba, kazi ya koleo.
Mimi nilibaki juu, kwenye mchujo, pamoja na wanawake,
tukitenga jiwe na makaa kwenye mkanda usiojua Jumapili.
Jiwe ni zito zaidi. Baada ya mwezi mmoja
mkono hujua kabla ya jicho.
Nilikuwa nikiokota makaa yenye ubavu wa kung'aa
nikijiuliza: hili limepita mikononi mwa yupi kati yao?

Jumanne moja ya Machi msonobari ulilia.
Baudilio, fundi wa magogo, aliinua mkono,
nyundo zikanyamaza kutoka juu hadi chini, moja baada ya nyingine,
na katika kimya kile wakasikia nyuzi za mti zikiachana.
Waliteleza kwa makalio juu ya makaa waliyoyachimba wenyewe.
Dari likashuka polepole,
kama mtu mnene anayekaa kitini mwisho wa siku.
Hakufa mtu. Gazeti halikuwa na la kuandika.
Vilibaki chini mikoba minne, vitunguu, soseji,
na shoka la Baudilio.

Usiku ule baba aliomba mkate.
Akausimamisha.
Tukangoja kisu; hakukishika.
Akaulaza taratibu, kama unavyolaza mtoto,
na asubuhi, kabla ya king'ora, alikuwa ameshaondoka kazini.

Sasa mgodi umefungwa, kizimba kimepakwa rangi kwa ajili ya wageni.
Mto Nalón, uliokuwa wino, una samaki.
Laureano anapumua kwa mrija, na mashine yake
inanguruma kando ya kitanda kama pampu ya maji ya mgodini.
Ukutani jikoni kwangu umeingia ufa,
umeanzia sakafuni, unapanda kwa vipandio.

Ametumwa kijana wa manispaa, na ndoo ya saruji.
Usipoziba ufa, ananiambia, utajenga ukuta.
Najua, mwanangu. Lakini weka ndoo chini kwanza,
kaa, kuna mkate.
Nyumba hii ni ya msonobari.
Bado inasema.